Mtaro utapita kwa nani? Kuwashirikisha wakazi kabla mchoro haujachorwa

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, wilaya ya Temeke. Mtaa wetu umeingizwa kwenye bajeti ya kujengewa mtaro wa maji ya mvua na njia ya miguu kando yake. Tumeambiwa tuonyeshe kwamba wananchi wameshirikishwa. Tukaitisha mkutano Jumamosi saa nne asubuhi, wakaja watu 64. Karibu wote ni wenye nyumba, na wengi ni wazee. Wapangaji hawakuonekana. Vijana wa bodaboda walibaki kijiweni kwao. Akina mama wachache walikaa nyuma na hawakufungua mdomo mpaka tumefunga kikao. Mwenyekiti anasema muhtasari unatosha, upelekwe kata. Mimi roho haijatulia. Kitaalamu ushirikishwaji wa kweli unafanywaje, na mjumbe kama mimi aanzie wapi?

Jibu

Dada yangu, roho yako imekwambia kweli, isikilize. Muhtasari na karatasi ya mahudhurio vinathibitisha kwamba watu 64 walikaa pamoja Jumamosi ile. Maji ya masika yanaingia nyumba ipi kwanza, hiyo haimo kwenye karatasi hizo. Nani atavukaje mtaro ukishachimbwa, nayo haimo.

Nitakuambia jambo lililonifundisha. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya mipango miji, tulifanya mradi kama wenu kwenye mtaa mmoja upande wa Kinondoni. Mkutano ulijaa, wenye nyumba walinyoosha mikono, mchoro ukapita. Mtaro ukajengwa vizuri, zege safi, tukapiga picha. Masika ya kwanza maji yaliuacha mtaro wetu pembeni yakapita uchochoroni, yakaingia kwenye nyumba ya vyumba sita waliyokuwa wakiishi wapangaji watupu. Nilikwenda asubuhi yake. Mama mmoja aliyekuwa akikausha magodoro juani akanishika mkono akanipeleka ukutani. Palikuwa na alama za tope, mstari juu ya mstari, wa juu kabisa ukinifika kiunoni. Akaniambia kila mwaka maji yanapita hapo hapo, tangu alipohamia. Nikamuuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Akajibu kwamba tangazo lilisema wenye nyumba waje.

Alikuwa sahihi, mimi mwenyewe niliidhinisha tangazo lile.

Kwa hiyo jibu langu kwa ufupi: ushirikishwaji unaanza kabla ya mchoro, na unaanzia kwa wale ambao mkutano wako haukuwaona. Mkutano mkuu una kazi yake, lakini ni kazi ya mwisho. Ukiuweka mwanzo, watu wanaitwa kukubali kitu ambacho hawajakifikiria, na wanaozoea kusema ndio watakaosema.

Tuanze na wapangaji, maana hapo ndipo miradi mingi ya mjini kwetu inapoharibikia. Uswahilini nyumba moja inaweza kuwa na familia tano au sita, na mwenye nyumba wakati mwingine haishi hapo kabisa, anakuja kuchukua kodi tu. Anayejua choo kinajaa lini ni mpangaji. Anayeamka saa nane usiku kunyanyua vitu kitandani ni mpangaji. Kisheria naye ni mkazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 mpiga kura alitakiwa awe mkazi wa eneo lile na awe ametimiza miaka 18, hakuna aliyeombwa hati ya nyumba. Mtu anayetosha kumchagua mwenyekiti anatosha kusema mtaro upite wapi. Katiba yenyewe, Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwambie mwenyekiti hayo kwa heshima, faragha, kabla ya kikao chochote. Usimwumbue mbele za watu, utamhitaji sana baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kuitisha mtu yeyote, tembea. Chukua wajumbe wenzako wawili, fundi mmoja wa ujenzi anayeishi mtaani, mama mmoja anayeuza maandazi alfajiri, na kijana mmoja wa kijiweni. Mfuate njia ya maji kuanzia yanapoanzia hadi yanapoishia, hata kama ni kuvuka mpaka wa mtaa wenu. Hilo la mwisho linasahaulika kila siku. Mtaro usio na mwisho unahamisha mafuriko tu kwa jirani wa chini, naye hakuwa kwenye mkutano wenu. Kama maji yenu yanaangukia mtaa mwingine, wajumbe wa mtaa ule nao wawe kwenye matembezi.

Mkiwa njiani uliza maswali ya karibu. Mwaka jana maji yalifika wapi kwenye ukuta huu? Yalikaa siku ngapi? Watoto walikwenda shule kwa njia gani? Na uliza lile watu wanaloona haya kulisema: nani anatapisha choo mvua ikinyesha? Sote tunajua linafanyika. Mvua kubwa ikija, kifuniko kinafunguliwa, uchafu unakwenda na maji. Ukilikwepa hilo utajengewa mtaro wa maji ya mvua ambao ndani ya miezi miwili utakuwa wa maji ya choo. Ukiliuliza kwa upole, bila kumtaja mtu, utagundua watu wanafanya hivyo kwa sababu gari la kunyonya halifiki kwenye vichochoro vyao au bei yake imewashinda. Hapo tayari umepata jambo la kumpelekea mhandisi ambalo hakuna mchoro wa ofisini ungelionyesha.

Pata ramani. Dar es Salaam tuna bahati: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro, na wakazi wakaonyesha maji huwa yanafika wapi. Kazi hiyo imewekwa wazi kwenye OpenStreetMap, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuichapa. Chapa karatasi kubwa ya mtaa wenu, hata nyeusi na nyeupe inatosha. Itandike chini, siyo mezani, ili bibi na mtoto waione sawasawa. Nimeona mara nyingi mtu aliyenyamaza mkutanoni akiongea dakika kumi mfululizo akiwa amepiga magoti juu ya karatasi, kidole kikiwa juu ya paa la nyumba yake.

Halafu vikao vidogo, kila kundi kwa saa yake na mahali pake. Mama lishe hawezi kuja saa nne asubuhi, ndiyo saa ya kuinjika sufuria. Mfuate saa tisa alasiri wateja wakishapungua. Bodaboda wafuate kijiweni, kaa kwenye benchi lao. Wapangaji wengi wanarudi baada ya magharibi, basi kikao kiwe saa mbili usiku uani kwao, nusu saa tu. Kama hujui vikundi viko wapi, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, inapita kwenye vikundi, kwa hiyo ofisi yake ina orodha. Vikoba navyo ni mlango mzuri, wale wamezoea kukaa, kuhesabu na kuandika.

Kuhusu watu wenye ulemavu nakuomba usitosheke na kumweka mmoja kwenye kamati ili ionekane yumo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, lakini sheria haivuki mtaro. Mwombe mkazi anayetumia kiti mwendo atembee nanyi siku ile. Mtaro wa upana wa nusu mita ni hatua moja kwako. Kwake ni mwisho wa safari, isipokuwa kuwe na daraja la zege lenye upana wa kutosha na lisilo na ngazi. Mkazi asiyeona naye atakuambia mtaro usiofunikwa kando ya njia ya miguu maana yake nini. Vivuko na vifuniko ndivyo vinavyokatwa kwanza bajeti ikibana, kwa hiyo viandikwe kwenye mchoro na kwenye makadirio tangu mwanzo. Na ukishafikiria kiti mwendo, umemfikiria pia mama mwenye ndoo kichwani na kijana wa mkokoteni.

Hapo ndipo mkutano mkuu unapoitishwa. Tangazo liseme wazi: wakazi wote, wenye nyumba na wapangaji. Siyo mikono tu inyooshwe. Mbandike ramani yenye njia mbili au tatu za mtaro, kila moja na hasara yake: hii inavunja ukuta wa nyumba mbili, hii ni ndefu na fedha haitafika mwisho, hii inapita mbele ya msikiti. Watu wakiona hasara wanabishana kwa maana. Na mambo yaliyokataliwa yasomwe mbele yao pamoja na sababu. Mkazi anavumilia kuambiwa hapana. Kinachomkera ni kutoa maoni kisha kutosikia chochote.

Kuna jambo gumu ambalo wenzangu wengi hawapendi kuligusa. Mtaa ukipata mtaro na njia nzuri, kodi ya chumba inapanda. Mpangaji aliyekuonyesha alama za tope anaweza kuwa wa kwanza kuhama. Sina dawa ya uhakika, na sitakudanganya kwamba ninayo. Ninachofanya ni kulileta mkutanoni waziwazi, kuwaomba wenye nyumba watamke watapandisha au hawatapandisha kwa muda gani, na kuliandika kwenye muhtasari. Halina nguvu ya mahakama. Lakini mtu akitamka mbele ya majirani zake, na jina lake likaandikwa, anafikiri mara mbili. Kwenye mitaa kadhaa niliyofanya kazi hilo lilisaidia, na kwenye mingine halikusaidia.

Usifikiri haya ni ya nadharia. Hananasif, kule Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi walijijengea mitaro na barabara za mtaa wao kwa nguvu kazi, na kazi zenyewe zikatolewa kwa jamii kwa mikataba, wakilipwa badala ya kuambiwa wajitolee tu. Upande wa pili tukumbuke mafuriko ya Desemba 2011. Watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini, na wapo waliorudi, kwa sababu kibarua, biashara na shule za watoto vilibaki huku walikotoka. Kiwanja ni kitu kikubwa, siwezi kukibeza. Ila anayejua riziki yake iko wapi ni mwenye riziki, naye huulizwa kabla ya lori kufika.

Fedha zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: kiasi kilichoidhinishwa, jina la mkandarasi, kazi inaanza na kuisha lini. Mchague kamati ndogo ya kufuatilia ujenzi, na ndani yake wawemo wapangaji wasiopungua wawili. Wafundishwe mambo machache tu: kupima kina kwa futi, kutambua mteremko kwa kumwaga ndoo ya maji na kuangalia yanakwenda wapi, na kuhesabu mifuko ya saruji inayoshushwa. Usafi wa mtaro baada ya ujenzi ujadiliwe mapema pia, ni zamu ya nani na taka zitakazotolewa zitapelekwa wapi.

Umeuliza uanzie wapi. Muhtasari wa Jumamosi usiuchane, mwombe mwenyekiti auite kikao cha kwanza, wala usiitwe idhini. Hilo linamwachia heshima yake na linakupa wewe wiki kama tatu za kufanya kazi hii. Muulize mtendaji kama mhandisi ameshachora au bado. Kama bado, mwalike atembee nanyi. Kama ameshachora, omba nakala mtembee nayo mkononi, kwani kusogeza mstari kwenye karatasi ni rahisi, kusogeza zege hakuna atakayekubali. Kisha jioni moja chukua chaki na daftari, uende nyumba zile za chini, zile za wapangaji, ugonge hodi. Waombe wakuonyeshe maji yalipofika. Chora mstari ukutani wakiangalia, upime kutoka chini, na uandike kwenye daftari namba ya nyumba, kimo, na mwaka.