Shuka la kumfanya mtu asionekane, lipo kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko kidato cha sita Morogoro. Nimetumiwa klipu WhatsApp, mtu anajifunika shuka halafu anapotea kabisa, unaona ukuta wa nyuma yake tu. Wenzangu wanasema hiyo ni metamateria. Ni kweli? Na hayo madini yanachimbwa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Klipu za hivyo ni za kuedit, shuka linakua la rangi moja kama kijani, kompyuta inaifuta hiyo rangi inaweka picha ya ukuta. Ila wenzako hawajakosea kabisa, metamateria zipo na mimi nazipenda sana, ngoja nikwambie.

Hazichimbwi popote! Ni shaba hii hii ya kwenye nyaya, inachorwa kwenye bodi kama ile ya ndani ya redio, vipete vidogo vidogo vilivyoachwa mwanya upande mmoja, mamia kwa mamia, kwa mpangilio. Wimbi la sumakuumeme (mawimbi ya redio na mwanga ni ya aina hiyo) likipita umeme unaenda na kurudi kwenye kipete, na kama kasi ya wimbi kwenda na kurudi inalingana na ya kipete basi umeme unakua mkubwa, kama mtoto kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake. Vipete vikiwa vidogo kuliko urefu wa wimbi, wimbi linaviona vyote kama kitu kimoja, kwahiyo tabia inatoka kwenye umbo na mpangilio zaidi ya shaba yenyewe.

Mrusi Victor Veselago aliandika 1967 kwamba kitu chenye permitiviti (namna kinavyoitikia umeme) na pemiabiliti (namna kinavyoitikia sumaku) hasi zote mbili kingepinda mwanga upande wa kinyume na maji au kioo. Kitu chenyewe hakikuwepo, zaidi ya miaka 30 watu wanakisoma tu kwenye karatasi. 1999 John Pendry wa Imperial College London na wenzake wakaja na hivyo vipete, 2000 David Smith na wenzake kule San Diego wakaviunganisha na nyaya wakakitengeneza. Halafu 2006, Chuo Kikuu cha Duke Marekani, wakazungushia silinda ya shaba ya sentimita 5 mizunguko 10 ya vipete, na mawimbi ya kama gigahezi 8.5 yakaizunguka yakakutana upande wa pili, japo kivuli kidogo kilibaki.

Lakini kwa macho silinda unaiona vizuri tu. Wimbi lile lina urefu wa sentimita 3 na nusu hivi, kipete cha milimita 3 kinatosha, wakati wa mwanga ni nanomita 400 mpaka 700 (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni), hapo vipete viwe vidogo mara maelfu kuliko unene wa unywele, metali nayo inaumeza huo mwanga, na vipete vinafanya kazi kwenye rangi chache tu. Shuka la hivyo hakuna.

Faida ipo kwenye antena, zipo bapa zinazofuata setilaiti bila kuzungushwa, sio kama sisi na dishi juu ya bati. Na hesabu zake unazo tayari kwenye daftari, ile topiki ya rezonansi, yaani ule mchezo wa bembea: kipete ndio koili, mwanya ndio kapasita.