Ukianza mchezo wa vitara, anza na daftari pia

Wanaoingia kwenye mchezo wa vitara, yaani kupambana kwa panga nyembamba, huniuliza kuhusu glovu, viatu na kocha. Yote ni maswali mazuri, lakini mimi huwaambia watafute kwanza daftari na kalamu, na vikae kwenye begi pamoja na silaha.

Mchezo huu unakwenda mbio mno. Pambano la hatua ya makundi huisha kwa miguso 5 au dakika 3, na kwenye epee, moja ya silaha tatu za mchezo huu, mkigusana kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya 25 ya sekunde, nyote wawili mnapata pointi. Mambo ya kasi hiyo hayakai kichwani. Ukifika nyumbani utakumbuka matokeo, na matokeo peke yake hayakuelezi ufanye nini kesho.

Kwa hiyo mimi huandika jasho likiwa halijakauka. Kila mguso naupa mstari wake: nani alianza kusogea, tulikuwa umbali gani, ncha ilitua wapi. Miguso niliyofungwa huitangulia mingine, maana hiyo ndiyo akili hupenda kuisahau. Tena andika kitu kinachoonekana. "Nilishambulia vibaya" haina kazi. "Niliinua mguu kabla ya kunyoosha mkono" unaweza kuifanyia mazoezi.

Nilikuwa na mpinzani wa epee mrefu, mwepesi wa kuruka mbele, ambaye alinitesa sana. Nilipopitia kurasa zake nikaona neno moja linajirudia: kiwiko. Kila alipotaka kuchomoka, kiwiko chake kilitoka nje kidogo na kifundo cha mkono kikachungulia pembeni ya kikinga mkono. Kwenye epee mwili mzima unaguswa, kuanzia utosini hadi unyayoni, kwa hiyo kifundo kile kilinitosha. Nikaanza kumngoja pale pale: mkono unanyooka kwanza, ncha inafika, ndipo miguu inarudi nyuma. Kocha alikuwa ameshanieleza jambo hilo, ila lilinikaa nilipolikuta kwa mwandiko wangu.

Kwa foili na seba, zile silaha nyingine mbili, ongeza safu ya mwamuzi. Humo kuna haki ya shambulio, yaani mkigusana pamoja hupewa aliyetangulia kushambulia ipasavyo: taa zote mbili za kuonyesha mguso zinaweza kuwaka na pointi akapewa mmoja tu. Andika alichosema mwamuzi kabla ya kuandika ulichohisi wewe. Wengi hubishana moyoni na uamuzi wiki nzima, kumbe mkono wao ulichelewa kunyooka.

Andika pia ulikuwa wapi uwanjani. Njia ya kuchezea ina urefu wa mita 14, na miguu yote miwili ikivuka mstari wa nyuma mpinzani anapewa mguso. Ukiona miguso mingi unafungiwa karibu na mstari huo, shida iko kwenye miguu, wala usihangaike na mkono.

Vifaa navyo vipewe ukurasa. Ncha ya epee ina springi, nayo hupimwa kwa uzito wa gramu 750, na isipoweza kuunyanyua, silaha inakataliwa. Springi hiyo ikianza kulegea, andika siku hiyohiyo na uitengeneze kabla ya shindano.

Asubuhi ya shindano mimi husoma kurasa za mwezi wa karibuni tu, nachagua jambo moja la kufanyia kazi, na daftari linarudi kwenye begi mpaka pambano la kwanza liishe.