Madoa yaleyale kwenye kila picha ya anga

Pole, ndugu, umeuliza kwa nini kila picha yako ya anga ina madoa yaleyale. Madoa meusi yasiyohama hata ukibadili lenzi ni vumbi kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Barabara za murram, yaani za udongo wa changarawe, za Karamoja huko Uganda hazimwachi mtu. Jaza chaji, chagua kusafisha sensa kwenye menyu, toa lenzi, elekeza tundu la kamera chini, upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yakikauka ni balaa jingine. Kisha piga picha ya anga tena kwa f/16, yaani tundu dogo la lenzi.

Yakibaki, tafuta kijiti maalumu cha kufutia chenye upana wa sensa yako, tia matone mawili ya dawa ya kusafishia sensa, pitisha mara moja kwenda, geuza, mara moja kurudi, tupa. Usifute kabla ya kupuliza: chembe ya murram hukwaruza kioo cha sensa. Ukiona mkwaruzo au ukungu, mpelekee fundi wa kamera Kampala.