Pawabenki ya 20,000 haijazi simu ya 5,000 mara nne

Swali: Fundi, mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Busia, upande wa Uganda. Umeme ukikatika, pawabenki ndiyo inayoniweka kazini. Imeandikwa 20,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji), na betri ya simu yangu ni 5,000. Mbona hainijazii mara nne? Hata ya tatu hukatikia njiani. Nimeuziwa feki?

Jibu: Dada, huenda hujauziwa feki. Kugawa 20,000 kwa 5,000 kunawapotosha wengi, lakini wewe wa mpakani utanielewa upesi. Mteja akikuambia ana 20,000, lazima umuulize: za Uganda au za Kenya? mAh nayo haina maana mpaka ujue ni kwa volti ngapi.

Ile 20,000 imehesabiwa kwenye betri za ndani, zenye volti 3.7. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Hiyo ndiyo mali uliyonunua, na mara nyingi imechapwa kwa maandishi madogo mgongoni: 74 Wh. Tundu la USB hutoa volti 5, kwa hiyo 74 hiyohiyo ikipitia hapo inasomeka 14,800 mAh. Mpaka hapo hakuna kilichopotea, noti tu ndizo zimebadilishwa.

Kinachopotea ni kamisheni. Saketi inayopandisha volti hadi 5 hula kama asilimia 10 hadi 15. Simu nayo huzishusha tena ziendane na betri yake, na hapo inakatwa nyingine. Waya mwembamba na mrefu huongeza hasara. Shika pawabenki na mgongo wa simu baada ya nusu saa ya kuchaji: joto unalolisikia kiganjani ndiyo kamisheni yenyewe.

Katika zile 74, zikiingia 55 kwenye simu, umepata pawabenki nzuri. Simu yako, ukizidisha 5,000 zake kwa volti za betri yake vilevile, inahitaji kama wati-saa 19, kwa hiyo ni karibu mara tatu, tena ikiwa imezimwa. Wewe unatuma na kutoa pesa kutwa huku inachaji, kioo kinawaka. Mbili na nusu si ajabu.

Hata hivyo feki zipo, na zinaniuma kwa sababu wanaoumizwa ni watu wa kazi kama wewe. Nimewahi kufungua moja ya "20,000" nikakuta betri mbili za duara na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili iwe nzito. Betri nzuri ya aina hiyo hubeba kama 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hadi 50, kwa hiyo zinatakiwa sita. Ipime dukani: ikiwa chini ya gramu 250, umedanganywa. Ikiwa nzito, usiridhike bado. Zima simu, ijaze toka mwanzo hadi mwisho, uhesabu. Pawabenki mpya ikishindwa kufikisha hata mara mbili, irudishe ulikoinunua ukiwa bado na risiti.