Kabla hujamuuliza mama "Unamlisha kweli?"

Juzi nimemsikia mmoja wenu pale kwenye mizani ya watoto kliniki, sauti juu, benchi zima linasikia: "Mbona mtoto haongezeki? Unamlisha kweli?" Wadogo zangu, swali hilo naomba life.

1. Utepe wa kupima mkono wa mtoto mnaujua: chini ya sentimita 11.5, nyekundu, utapiamlo mkali. Mnapima vizuri, alhamdulillahi. Lakini aliyempakata mtoto hamumtazami hata usoni.

2. Na mimi niliuliza hivyo hivyo, mwaka wangu wa pili kazini hapa Pemba. Mtoto wa mwaka na nusu, mtindio wa ubongo, shingo haijakaza, kapungua gramu 300. Mama hakujibu. Alifunga kadi kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Miezi miwili hakuonekana. Nikamfuata kwao, maneno ya kumkanya ninayo tayari.

Nilimkuta mkekani, uji umeshafanya utando. Kijiko kimoja, mtoto anakaza meno, anakohoa, uji unatokea puani. Anamfuta, anasubiri, anaanza tena. Adhuhuri ikaadhiniwa, bakuli halijafika nusu, na yeye mwenyewe hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Akasema bila kunitazama: "Dada, nikisikia kijiko kinagonga bakuli, mikono inanitetemeka. Usiku naomba asiamke na njaa." Wifi zake wanasema mzembe. Nami, ambaye alinitegemea, nilisema lile lile mbele za watu. Nililia, nikamwomba radhi, nikashika kijiko.

3. Akilishwa, mtoto akae wima, kichwa kisiangukie nyuma. Akikohoa kila mlo, huenda chakula kinaingia mapafuni: andikeni rufaa, msingoje nimonia.

4. Mchukueni mama pembeni, mumuulize: wiki mbili hizi umekuwa na huzuni, umekata tamaa? Mambo uliyokuwa ukiyapenda bado unayapenda? Akisema ndiyo kwa la kwanza au hapana kwa la pili, aonwe na wa afya ya akili. Akisema anatamani kufa, asirudi nyumbani peke yake. Aonwe siku hiyo hiyo.

5. Mwiteni baba. Mume wa yule mama niliyemfuata, mvuvi, alisema kulisha ni kazi ya wanawake. Nikamwambia: wewe unayekaa na mshipi usiku kucha ukingoja samaki aguse, utashindwa kumngoja mwanao ameze? Akacheka, akashika mlo wa jioni.

Waliporudi kliniki, mtoto kabebwa na baba. Aliongezeka gramu 100 tu. Mama aliniambia siku hizi analala kabla ya isha, na kanga yake haikuwa na doa la uji.