Madogo wa IT, paswedi ya admin sio chaja ya kuazimana

Juzi nimemkuta dogo wa fildi anaingia kwenye FortiGate, fayawoli yetu, yaani boksi la kulinda mtandao, kwa akaunti ya admin, paswedi kaitoa kwenye grupu la WhatsApp la kitengo, grupu ambalo hata walioacha kazi bado wamo. Namuuliza nani kakupa, ananijibu "kaka, si ndo tunatumia wote hiyo". Basi kaeni hapa niwaambie.

1. Kila mtu na akaunti yake. Logi, yaani daftari la matukio, ikisema "admin" kafuta ruli ya fayawoli saa nane usiku utamshika nani? Wa kuangalia tu mpe profaili ya kusoma tu, super_admin, wenye haki zote, wabaki wawili, na mtu akiaga kazini akaunti yake ife siku hiyohiyo, sio mpaka mkumbuke.

2. Sera ya paswedi kwenye FortiGate inakuja imezimwa, iwashe mwenyewe. Kwenye matoleo mengi herufi 8 ndo chaguo la kiwandani, mi naona ni chache mno, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2025 inataka 15 kama paswedi ndo kinga pekee. Na hii ya kubadilisha kila mwezi acheni jamani, NIST hao hao tangu 2017 wanasema usimlazimishe mtu kubadili kama hakuna dalili ya kuvuja, ukimlazimisha anakuletea Yanga@2024, halafu Yanga@2025.

3. LDAP, njia ambayo fayawoli inaulizia akaunti za watu kwenye seva. Hapa nakaa kidogo maana ndo nilipoaibika. Nilikuwa nawatoa watu wa VPN, wanaoingia mtandao wa ofisi wakiwa mbali, kwenye akaunti za lokali za fayawoli waingie na za Active Directory (AD), seva ya akaunti za ofisi nzima, fayawoli ikataka akaunti ya kuungia AD, mimi kwa uvivu nikaweka yangu, tena yenye haki zote za domeni, nikasema akaunti ya huduma, ya mfumo na sio ya mtu, nitatengeneza baadaye. Baadaye gani, nikasahau kabisa. Siku paswedi yangu imeisha muda nikabadili kwenye laptopu nikaendelea na chai na vitumbua, kumbe fayawoli imebaki na ile ya zamani. Sasa kila anayejaribu kuingia VPN, fayawoli inaenda kugonga AD kwa jina langu na paswedi mfu, inakataliwa, AD inahesabu makosa, akaunti yangu inafungwa. Naifungua, kidogo tu imefungwa tena. Simu zinaita, mhasibu yuko mkoani anataka kupitisha mishahara, na mimi nimeshaamini tumevamiwa, nimeshamtisha bosi mpaka kaanza kuuliza kama tuzime kila kitu. Jamaa mmoja mpole wa upande wa seva ndo akafungua logi za domeni kontrola, seva yenyewe ya AD, akaona majaribio yote yanatoka IP moja, akanigeukia taratibu, "hii si fayawoli yetu?" Nilitamani ardhi ipasuke. Tengeneza akaunti ya huduma, ya kusoma tu, paswedi ndefu isiyoisha muda, basi.

4. Trusted host, orodha ya IP zinazoruhusiwa kuingia kama admin, weka, lakini ukiwa mbali na boksi hakikisha kwanza IP unayotumia muda huo imo, la sivyo unajifungia nje halafu uanze safari na kebo ya konsoli. Na wale mnaotegemea ujanja wa akaunti ya maintainer, ya kuingilia kwa konsoli ukisahau paswedi, matoleo mapya ya FortiOS, mfumo wa FortiGate, wameshauondoa.

5. Ukipachi, yaani ukiweka sasisho la kuziba tundu, usidhani umemaliza. Tundu la SSL VPN ya FortiGate, lenye namba CVE-2018-13379, liliwaachia wavamizi paswedi za watu, na mwaka 2021 za vifaa kama 87,000 zikamwagwa mtandaoni, wengine walikuwa wameshapachi zamani ila paswedi zilikuwa zilezile. Kwa hiyo badili za VPN zote na uwashe tokeni, ile namba ya pili ya kuingilia, na yule meneja atakayelalamika kuwa tokeni inamchelewesha, anza naye.