Grime kwa Kiswahili ni uchafu gani?

Msomaji wa Nakuru amepewa kazi ya kutafsiri lebo ya sabuni ya maji, amekwama kwa neno moja tu, grime. Anauliza: "Mwalimu, nikiweka uchafu bosi anasema ni nyepesi sana, nikiweka nongo mama anacheka. Niandike nini?"

Mama amecheka kwa haki. Nongo ni ya mwili, ile inatoka ukijisugua shingo vizuri baada ya siku kadhaa bila kuoga, sasa ukiandika sabuni yako inatoa nongo kwa sufuria watu watauliza nani alikuwa anaogea humo. Meno nayo yana ukoga. Na taka usiguse kabisa, hizo ni za kutupa.

Waingereza wakisema grime wanamaanisha uchafu uliokaa mahali mpaka ukazoea, vumbi imechanganyika na mafuta ama moshi, ikaganda, ikaingia hadi kwa mikunjo, na maji peke yake haiwezi. Vumbi ya leo asubuhi juu ya meza si grime, hata huko kwenu Nakuru ambako wengi husema jina la mji lenyewe lilitoka kwa neno la Kimaasai la vumbi. Lakini hiyo vumbi ikutane na grisi kwa vidole vya fundi wa gereji, ikae hapo chini ya kucha, hapo sasa ndio penyewe.

Shida yako ni kutafuta nomino moja, na sisi kazi hiyo tunampa kitenzi. Kola imeshika uchafu. Mafuta yameganda. Weusi umekolea. Ukiona ukuta wa jikoni pale wanakaanga samaki kila siku kando ya ziwa Kisumu, utasema mafuta yamegandamana na masizi na kila mtu ameelewa. Masizi peke yake ni ya moshi tu, so usiite kila kitu nyeusi masizi.

Kwa lebo mimi ningeweka uchafu sugu. Sugu kwanza ni ile ngozi ngumu ya mkononi ama kwa kisigino inayokuja kwa kusuguliwa kila mara, ndio tukapata ugonjwa sugu na mhalifu sugu, na madoa sugu watu washazoea kwa matangazo ya sabuni. Ila doa ni alama mahali pamoja, uchafu wako umetanda.

Ukikutana na grime ya muziki, ule ulianzia mashariki mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, hilo ni jina, liache hivyo hivyo.

Na kitu kingine, tukipiga stori "uchafu imeganda" inapita, hata mimi nasema, lakini lebo inasomwa hadi Mombasa, kwa hivyo andika: Huondoa uchafu sugu na mafuta yaliyoganda.